Watoto wetu na mashine za bahati: Kanisa la Goma liseme nini?



Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwalimu mmoja wa ECODIM alituletea bahasha ya sadaka ya watoto. Ilikuwa nyepesi. Kwa Jumapili tatu mfululizo sadaka ya darasa lake ilikuwa inapungua, na watoto wenyewe ndio waliomweleza sababu. Baadhi yao, wakiwa njiani kuja kanisani, walikuwa wanasimama kwenye butiki moja ya kartiye ambamo kuna mashine ya bahati. Noti ya franka 500 waliyopewa na mama zao iliishia humo. Mtoto mmoja wa miaka 11 alitajwa kwa jina mbele ya wenzake.

Jumapili iliyofuata tulihubiri juu ya kamari. Tulihubiri kwa sauti kubwa, na kila aliyeketi pale alijua tunamsema nani. Mtoto yule hakurudi ECODIM kwa wiki sita.

Tunaandika maneno haya kwa sababu tulikosea. Kusema kwamba mashine ile inaharibu watoto hakukuwa kosa, na tungali tunasema hivyo. Kosa letu lilikuwa kusema kabla ya kuelewa, na kumbebesha mtoto mmoja mzigo ambao ni wa mji mzima.

Tulichokiona Kampala

Mwezi wa nane, sisi wachungaji wawili tulikwenda Kampala pamoja na wake zetu na watoto wetu watano. Tulikwenda kuwatembelea washirika waliokimbilia huko baada ya vita vya mwezi wa kwanza 2025. Jumamosi wenyeji wetu walisema: watoto wamekaa ndani sana, twende nao mahali pa kucheza. Wakatupeleka kwenye ukumbi wa michezo ya mashine, ndani ya jengo kubwa la maduka.

Tuliingia na wasiwasi, tukidhani tutakuta pombe na moshi wa sigara. Hatukuvikuta. Tulikuta familia. Baba alikuwa amempakata mtoto mdogo juu ya farasi wa plastiki anayetikisika. Bibi mwenye mtandio alikuwa anatupa mpira wa kikapu, na wajukuu wake wanahesabu. Kulikuwa na magari ya kushindana, na meza ambayo upepo unatoka chini yake na kusukuma kisahani. Unalipa, unapewa jetoni, unatia jetoni, unacheza, muda ukiisha unashuka. Mtoto wa wenyeji wetu, ambaye tangu milio ya silaha ya Goma hupenda kukaa karibu na mlango popote anapoingia, siku ile alikaa katikati ya chumba ndani ya gari jekundu, na hakutazama mlango kwa saa nzima. Tulimshukuru Mungu kwa hilo. Kucheza ni kazi ya mtoto, na pale watoto wetu walifanya kazi yao.

Kisha wakafika kwenye mashine za makucha.

Kwa wasiozijua: ni sanduku kubwa la kioo lenye taa, limejaa wanasesere wa manyoya. Juu yake unaning'inia mkono wa chuma wenye vidole vitatu. Mtoto anatia jetoni, anauongoza mkono kwa kijiti, anabonyeza kidude, mkono unashuka, vidole vinajifunga, unapanda. Ukifanikiwa kumbeba mwanasesere hadi kwenye tundu, ni wako.

Binti wa mmoja wetu, mwenye miaka 9, alimtaka dubu mmoja wa rangi ya kahawia. Jetoni ya kwanza, vidole vilimgusa tu. Ya pili vilimwinua sikio. Ya tatu vilimbeba hadi katikati ya safari, kisha vikamwachia kama mkono wa mtu aliyesinzia. Watoto wote walipiga kelele. Ya nne, ya tano. Hapo sisi watu wazima tuliingia kazini. Mmoja wetu alisimama upande wa kioo kuelekeza, mwingine akashika kijiti. Wachungaji wawili, wenye diploma za teolojia, tulitia jetoni ya sita, tukatia na ya saba, na mke wa mmoja wetu alipotuambia kwamba inatosha, tulimjibu kwa haraka kuliko inavyofaa: "Ngoja, sasa tumeshaielewa."

Hatukuwa tumeelewa kitu. Dubu alibaki ndani. Katika gari la kurudi, binti aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha hadi nyumbani: "Papa, ile si kama ya butiki uliyoikemea kanisani?"

Mkono unaoamua lini ukaze

Tuliporudi tulitafuta kujua jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi. Kila mzazi angefaa kujua tulichokipata.

Vidole vya mkono ule vinakazwa kwa umeme. Umeme ukiwa mwingi, vinashika kwa nguvu. Ukiwa kidogo, vinashika kwa ulegevu. Katika mashine nyingi za aina hii, mwenye mashine anaweza kupanga nguvu hiyo, na pia kupanga ni baada ya michezo mingapi mkono utakaza kweli. Katika michezo mingine yote mkono unashuka, unagusa, unainua kidogo, kisha unaachia. Mchezaji anadhani alikosea kulenga, kumbe hata angelenga vizuri kama fundi, zamu ya kukaza ilikuwa bado.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mashine imepangwa ikaze mara moja katika michezo 15, na jetoni moja ni shilingi 2,000 za Uganda. Kwa wastani, kila mwanasesere anayetoka ameleta shilingi 30,000. Ikiwa sokoni mwanasesere kama yule anauzwa 10,000, basi familia kwa jumla zimelipia dubu mmoja bei ya dubu watatu. Wengi wamelipa na kuondoka mikono mitupu, na mmoja ameondoka akimkumbatia dubu huku watu wanamtazama. Huyo mmoja ndiye tangazo la biashara.

Mashine ya butiki hujengwa juu ya wazo hilo hilo, bila dubu. Picha za matunda au namba zinazunguka, taa inasimama, unapata au unakosa. Ndani yake kuna mpango unaopanga kiasi gani kitarudi kwa wachezaji na kiasi gani kitabaki, na mwenye mashine hawezi kuiweka mahali pa kumletea hasara.

Ni nini kinachomfanya mtu atie jetoni ya saba baada ya kukosa sita? Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwachunguza njiwa na panya katika karne iliyopita. Mnyama akipewa chakula kwa utaratibu anaoujua, chakula kikikoma anaacha mapema. Akipewa kwa namna asiyoweza kuitabiri, mara baada ya kudonoa mara mbili, mara baada ya kudonoa mara ishirini, anaendelea kudonoa kwa muda mrefu hata chakula kisipotoka tena. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll alitoa kitabu juu ya mashine za kamari za Las Vegas, akaonyesha kwamba mashine hizo zinabuniwa makusudi ili mtu aendelee kukaa mbele yake. Jambo moja linalosaidia sana ni lile la kukosa kidogo tu: dubu kufika karibu na tundu, picha ya tatu kusimama hatua moja kando. Moyo hausemi "nimeshindwa". Unasema "nilikuwa karibu".

Ndiyo maana swali la binti yetu lilikuwa zuri. Katika ukumbi ule ule, chini ya taa zile zile, kulikuwa na vitu viwili tofauti. Gari jekundu liliuza mchezo: ulilipa, ukacheza, ukamaliza. Mashine ya makucha iliuza nafasi ya kupata. Zote mbili zinaitwa mchezo, na kwa macho ya mtoto hakuna tofauti. Lakini ya pili inamfundisha kutumaini mkono asioutawala, huku akiamini kwamba anautawala.

Nchi nyingine zilivyoamua

Wakristo wa Goma si wa kwanza kusumbuliwa na swali hili. Mashine za kunyakua zawadi zilianza kuonekana Marekani miaka ya 1920, kwenye maonyesho ya kutembea kutoka mji hadi mji, zikifanana na mitambo midogo ya kuchimba udongo. Mwaka 1951 Marekani ilipotunga sheria ya kuzuia usafirishaji wa vifaa vya kamari, mashine hizo nazo zilihesabiwa humo, na baadaye tu zikalegezewa. Japani, ambako kampuni ya Sega ilizipa umaarufu mpya tangu 1985, zinaruhusiwa, ila thamani ya zawadi imewekewa kikomo cha takriban yeni 1,000, ili mtu asivutwe na tamaa ya kitu kikubwa. Uingereza, chini ya sheria yake ya kamari ya mwaka 2005, inazihesabu kabisa kuwa mashine za kamari, lakini za daraja la chini ambalo hata watoto wanaruhusiwa kucheza: dau lisizidi pauni 1, zawadi isizidi thamani ya pauni 50. Serikali hizo zilikiri wazi kwamba kitu hiki kina damu ya kamari, kisha zikaamua kukifunga kamba fupi.

Kwa mashine za bahati zenyewe, majirani zetu wamekuwa wakali zaidi. Uganda, sheria ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari ya aina yoyote. Tanzania, ambako watu huziita dubwi, kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kenya, mwaka 2018, baada ya mashine hizo kuingia hadi madukani vijijini na wazazi kulalamika, serikali iliagiza ziondolewe, na nyingi zilikamatwa na kuteketezwa.

Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Nchi yetu pia ilitia sahihi Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao katika kifungu chake cha 31 unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Hatukosi maandishi. Lakini sheria bila mtu wa kuisimamia ni kama mlango bila komeo, na leo Goma kila mtu anajua ugumu wa kusema ni nani atakayeisimamia.

Kwa nini Goma, kwa nini sasa

Kuna jambo la kushangaza katika mashine hizi kwetu. Zimetengenezwa kwa ajili ya sarafu, na Kongo hatutumii sarafu. Franka yetu ni noti tupu, tena siku hizi ni noti zilizochakaa. Kwa hiyo mwenye butiki anapokea noti ya mtoto na kumpa vipande vya chuma. Akishinda, anarudisha vipande na kupewa noti. Hapo katikati fedha inapoteza sura yake. Noti ya 500 mtoto anaijua: ni mandazi ya asubuhi, ni sadaka, ni jasho la mama. Kipande cha chuma hakimkumbushi mtu yeyote.

Halafu tutazame mji. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mji ulipobadilisha mikono, mabenki yalifunga milango na ndege zikaacha kutua. Walioishi kwa mshahara waliachwa bila mshahara, na walioweka akiba waliiona akiba ikibaki mahali wasipoweza kuifikia. Kambi za wakimbizi kandokando ya mji zilivunjwa, na familia zikarudi kwenye vijiji ambavyo vingi havikuwa tayari kuzipokea. Kabla ya hapo tulikuwa na Nyiragongo mwaka 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mtoto wa Goma ameona kwa macho yake kwamba nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi inaweza kuondoka usiku mmoja. Ameona mtu aliyesoma na mtu ambaye hakusoma wakipanga mstari mmoja na vibido vyao.

Mtoto kama huyo ukimwambia "soma, fanya kazi, utafanikiwa", anakusikiliza kwa adabu. Mashine ikimwambia "tia moja, labda leo", inasema lugha inayofanana na maisha aliyoyaona. Hapo ndipo hatari yake ilipo kwetu kuliko Kampala au Tokyo. Kule inakula fedha ya mchezo. Kwetu inathibitisha somo ambalo vita vimeshaanza kulifundisha: kwamba jitihada ni bure na kila kitu ni bahati.

Tena lazima tuseme jambo linalotuhusu sisi tunaosimama madhabahuni. Si mashine tu zinazouza "labda leo". Katika mji huu kumehubiriwa kwamba mtu akitoa dola 10 kama mbegu, atapata gari au viza. Wajane wametoa fedha ya kodi ya nyumba. Aliyepata kitu ameitwa mbele kushuhudia, na wale mia ambao hawakupata wameambiwa kwamba imani yao ilikuwa ndogo. Tofauti iko wapi? Mshindi mmoja anaonyeshwa, wengi wanalaumiwa kwa kutolenga vizuri, na fedha inabaki ndani ya sanduku. Hatuwezi kuikemea mashine ya butiki huku tukiilinda hii ya kwetu. Watoto wanatuona.

Maandiko yanatuongoza wapi

Biblia inajua kura. Waisraeli waligawana nchi kwa kura wakati wa Yoshua, na mitume walimpata Mathia kwa kura baada ya kuomba. Lakini tuangalie vizuri: katika kura ya Yoshua hakuna kabila lililoweka dau, na hakuna lililoondoka mikono mitupu. Kura ilitumika ili mwenye nguvu asijichagulie bonde zuri. Ilikuwa njia ya haki. Mashine inachukua kidogo kwa wengi ili kumpa mmoja kidogo na kumwachia mwenyewe kingi.

Kura nyingine tunaikuta chini ya msalaba, askari wakishindania vazi la Bwana. Walikuwa hatua chache kutoka kwa Mwokozi wa ulimwengu, na macho yao yalikuwa chini, kwenye mchezo. Hatusemi hivyo ili kumfananisha mtoto wa miaka 11 na askari wa Pilato. Tunasema hivyo kwa sababu katika ukumbi wa Kampala, wakati wa jetoni ya saba, sisi wenyewe tulikuwa hatuwaoni tena watoto wetu. Tulikuwa tunamwona dubu.

Lakini neno linalotufariji zaidi ni la nabii Zekaria, sura ya 8. Mungu anapowaahidi watu waliorudi kutoka uhamishoni kwamba Yerusalemu utapona, anawapa alama mbili za kutambua: wazee watakaa tena katika njia za mji wakiwa na fimbo zao kwa sababu ya wingi wa siku, na wavulana na wasichana watajaza njia hizo wakicheza. Katika alama hizo nabii hataji ukuta wala jeshi. Mji uliopona ni mji ambao watoto wanacheza nje na wazee wanawatazama bila hofu. Kwa hiyo mtoto anayetafuta mahali pa kucheza hamkimbii Mungu. Anatafuta kitu ambacho Mungu mwenyewe amekiahidi. Aibu ni yetu kama mahali pa pekee palipo wazi kwake ni butiki yenye mashine.

Nyumbani kwa mtoto yule

Katika wiki ya sita tulikwenda kwa mtoto wetu. Mama yake anauza makala kando ya barabara. Baba alikuwa mlinzi kwenye ofisi moja iliyofungwa tangu mwezi wa kwanza. Tuliketi kwenye benchi, na kabla ya kuuliza lolote tulimwomba mtoto msamaha kwa kumsema mbele ya watu. Mama alisema, "Pasta, msiombe msamaha, yeye ndiye mwizi." Tulimjibu kwamba kosa lake ni lake, na letu ni letu.

Baada ya kimya kirefu mtoto alieleza. Mara ya kwanza alipotia jetoni, alishinda. Alipewa franka 5,000. Alizipeleka nyumbani, akamwambia mama kwamba alimbebea mtu mzigo sokoni. Mama alinunua unga, na usiku ule watu wote wa nyumba walikula wakashiba. "Nilitaka ifanye vile tena," alisema.

Mama alikuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Alifunika uso kwa kitenge chake. Sisi tulikumbuka mahubiri yetu juu ya tamaa ya fedha, na hatukuwa na la kusema. Mtoto yule alikuwa amechukua nafasi ya baba asiye na kazi, kwa njia mbovu pekee aliyoiona. Hii haigeuzi mashine kuwa njema. Inaifanya kuwa mbaya zaidi, kwa sababu imeshika upendo wa mtoto kwa mama yake na kuufanya chambo.

Tufanye nini

Tumezungumza na wazee wa kanisa, walimu wa ECODIM na chama cha akina mama. Tunawashirikisha tulipofikia, ili parokia nyingine zitusaidie kuwaza.

Kwanza, wazazi wajiulize maswali matatu mbele ya mchezo wowote wa kulipia, uwe wa mashine, wa simu au wa karata. Je, mtoto analipia kucheza, au analipia nafasi ya kupata? Je, anajua mapema fedha itaisha lini, na mchezo utaisha lini? Je, akikosa, anaondoka akicheka, au anaondoka akitafuta fedha nyingine? Ukumbi wa familia kama ule wa Kampala unaweza kupita mtihani huu kwa sehemu kubwa. Ukienda na watoto, hesabu jetoni kabla ya kuingia, na mbele ya mashine ya makucha mwambie mtoto ukweli: mkono huu umepangwa, hatulengi vibaya. Mashine ya butiki haipiti hata swali la kwanza.

Pili, tulikwenda kwa mwenye butiki, kwa upole. Alituambia kwamba mashine si yake. Mtu huileta, na kila wiki huja kuifungua na kumwachia sehemu yake, na sehemu hiyo inazidi faida ya sabuni na chumvi. Ana watoto wanne. Tulimwomba asiwape watoto jetoni. Alikubali kuifunika Jumapili asubuhi, na asiwape wale anaowajua kuwa ni wa shule ya msingi. Si ushindi mkubwa. Tutarudi tena, na tunawaomba washirika wenye butiki, ambao ni wengi makanisani mwetu, waamue mbele za Mungu kabla hatujafika kwao.

Tatu, tufungue viwanja vyetu. Kiwanja cha parokia yetu kilikuwa kinafungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ili maua yasikanyagwe. Nusu yake ni mawe ya lava, na mtoto akianguka pale anachubuka hadi mfupa. Vijana wamevunja mawe yale makubwa kwa nyundo, na akina baba wamechangia lori moja la mchanga. Sasa kila siku kuanzia saa tisa lango liko wazi. Kuna mpira, kuna kamba, wasichana wanacheza nzango, na watoto wanashindanisha vichukudu walivyovichonga wenyewe. Wazee wawili wanakaa kwenye benchi kwa zamu. Hatukupanga ifanane na Zekaria, lakini mmoja wa wazee hao ana fimbo. Maua yamekanyagwa kweli. Tutapanda mengine.

Nne, kanisa likitaka mtoto asitafute unga kwenye mashine, lazima lijue nani hana unga. Mashemasi wamepewa kazi ya kutembelea nyumba za watoto wa ECODIM, kila nyumba, bila kusubiri kashfa. Kikapu cha chakula cha Jumapili ya kwanza ya mwezi kitaanzia huko.

Tano, wachungaji wenzetu, tusimtaje tena mtoto madhabahuni isipokuwa kwa kumbariki.

Mtoto wetu amerudi ECODIM. Hatusemi kwamba ameacha kabisa. Mwalimu wake anatuambia kwamba bado hupita upande wa ile butiki, na siku nyingine husimama. Lakini saa tisa huja uwanjani, na ana chukudu dogo lenye magurudumu yasiyolingana, ambalo hupoteza mashindano karibu kila siku. Akishindwa, analipeleka kando, analigeuza, anachonga tena gurudumu. Anajua kwa nini limeshindwa, na anajua la kufanya.

Tuombee watoto wa Goma, tuwaombee wazazi wasio na kazi, na tuombee mji wetu ufikie siku ile aliyoiona nabii. Bwana awabariki.